Maswali na majibu: Mtoto anayesahau anachotumwa, na kijana anayeahirisha kila kitu

Nilimtuma mwanangu wa miaka 8 chumvi, kiberiti na nyanya, akarudi na nyanya tu. Ni ukaidi?

Mara nyingi si ukaidi. Safari ya dukani inamdai mambo matatu: kushika maagizo kichwani, kujizuia asisimame kutazama mpira njiani, na kubadili mpango akikuta duka limefungwa. Ndizo stadi za ubongo kujisimamia, na hakuna anayezaliwa nazo zikiwa tayari. Zinategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huchelewa kukomaa kuliko nyingine: huendelea kujengeka hadi kwenye umri wa miaka 25 hivi.

Kabla hajatoka, arudie maagizo kwa sauti akihesabia vidole. Akienda anajisemesha njiani, msimcheke. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza tangu miaka ya 1930 kwamba mtoto hujiongoza kwanza kwa kusema kwa sauti, baadaye ndipo maneno hayo huhamia kichwani.

Kuna mazoezi ya kumfanyisha?

Yapo, na mengi tayari yako uani. Chukua "nyama nyama nyama". Kiongozi akitaja ng'ombe, wote wanaruka na kuitika "nyama!", akitaja paka, anayeruka ametoka. Mwili umeshazoea kuruka, mtoto anatakiwa kuushika papo hapo. Wakishauzoea, geuzeni sheria: leo mnaruka kwa wanyama wasioliwa tu. Hapo utaona hata wakubwa wanakosea, kwa sababu kuacha kanuni ya zamani na kufuata mpya ni kazi nzito. Bao nalo ni zuri, hasa ukimtaka ataje kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajaanza kusambaza.

Mimi ningemwacha acheze hivyo jioni kuliko kumlipia masomo ya ziada akiwa darasa la pili.

Binti yangu wa kidato cha pili anajua mtihani ni Jumatatu, anafungua daftari Jumapili usiku. Nimchape?

Hapana. Hofu inachukua nafasi ileile ya kichwa anayoihitaji kupanga na kukumbuka. Tena anaweza kuwa anataka kusoma kweli, ila hajui aanzie wapi. Badala ya "umesoma?", muulize "unaanza na nini, saa ngapi?" Kaeni pamoja Jumatano, mgawe somo vipande vidogo, aandike mwenyewe kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Simu ilale chumba kingine wakati wa kusoma. Wiki za mwanzo mkumbushe kila siku, halafu punguza kidogo kidogo, hadi awe anakuonyesha mpango alioupanga peke yake. Ukimpangia wewe hadi amalize kidato cha nne, atafika chuo hajawahi kujipangia.

Angalia na usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Shule za bweni zinazolaza wanafunzi saa tano usiku na kuwaamsha saa kumi alfajiri zinawanyima utulivu uleule zinaoudai darasani, na wazazi tunapaswa kulisema hilo kwenye vikao.

Lini nimpeleke hospitali?

Ikiwa kusahau, kutotulia au kushindwa kujizuia kumezidi sana kwa umri wake, kumedumu zaidi ya miezi sita, na kunaonekana nyumbani na shuleni pia. Aanze kupimwa macho, masikio na wingi wa damu: asiyesikia vizuri huonekana hasikii la mkubwa, na upungufu wa madini ya chuma hudhoofisha umakini. Mweleze daktari kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au kifafa, maana vyote vinaweza kuacha athari kwenye stadi hizi. Mwombe mwalimu wa darasa aandike anachokiona, uende na karatasi hiyo.