Programu bila msimbo: maana yake, na sifa mpya za kuangalia kwanza

Kuunda programu bila msimbo ni kutengeneza programu ya simu au ya wavuti pasipo kuandika mistari ya lugha ya kompyuta. Unaburuta kitufe, unakiweka unapotaka, kisha unaeleza kikibonyezwa kifanyike nini. Msimbo upo palepale, ila jukwaa, yaani huduma ya mtandaoni unayojengea programu yako, ndilo linaloushughulikia.

Chukua programu ya kuazima vitabu. Jedwali la kwanza lina vitabu: jina, mwandishi, nakala zilizobaki. La pili lina waazimaji. Kitufe cha "Azima" unakipa maagizo haya: ikiwa nakala imebaki, punguza moja, andika jina la mwazimaji na tarehe, kisha mtumie ujumbe, ikiwa hakuna, mwambie zimekwisha. Hiyo ni kazi ya mtunga programu kabisa. Kufikiri kwa mpangilio bado ni juu yako. Ulichopunguziwa ni adha ya kusaka alama moja uliyoisahau kwenye mistari mia tano.

Wazo lenyewe si la jana. HyperCard, zana ya Apple ya aina hii, ilitoka mwaka 1987, jukwaa la Bubble likaanzishwa 2012, na mwaka 2020 Google ikalinunua jukwaa la AppSheet. Kinachovuma sasa ni akili unde (AI): unaandika sentensi moja, na jukwaa linakujengea majedwali, skrini na vitufe kwa dakika chache. Inapendeza sana, na kwa anayeanza inafungua mlango uliokuwa mgumu. Hata hivyo, mimi nikifika kwenye jukwaa lolote hutazama kwanza sifa isiyotangazwa kwa shangwe: kanuni za faragha.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu kuficha na kulinda vinafanana machoni. Unaweka sharti kwamba orodha ya waazimaji ionekane kwa msimamizi tu. Unaijaribu, orodha haionekani, unaridhika. Kumbe seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data yako, huenda imeshaituma orodha nzima, na namba za simu zikiwemo, hadi kwenye kifaa cha kila mtumiaji. Skrini tu ndiyo iliyokataa kuionyesha. Ni sawa na kumpelekea mtu barua ya mwenzake nyumbani, halafu kumwomba asiifungue. Kanuni ya faragha hukaa upande wa seva na husema: rekodi hii isomwe na mwenyewe au msimamizi, basi. Wengine wote hawatumiwi chochote.

Kupima ni rahisi. Fungua akaunti mbili za majaribio. Azima kitabu kwa ya kwanza, kisha ingia kwa ya pili kwenye kivinjari cha kompyuta, fungua zana za wasanidi (developer tools), nenda sehemu ya mtandao (Network) na uupakie upya ukurasa. Tafuta jina la akaunti ya kwanza ndani ya majibu ya seva. Ukilikuta, programu yako inavuja, hata kama skrini ni safi. Fanya hivyo hasa pale akili unde ilipokujengea majedwali, maana hukuyapanga wewe.

Matawi nayo ni sifa nzuri: unajaribu mabadiliko kwenye nakala ya pembeni huku watumiaji wakiendelea na toleo lililo hewani. Ukishirikiana na wenzako utayahitaji mapema.

Halafu kuna suala la kutoka, yaani kuhama jukwaa. Amazon ilizindua jukwaa lake la Honeycode Juni 2020 na kulifunga Februari 2024. Waliojenga humo ilibidi wahame. Majukwaa hayalingani kwa hili. Jukwaa la FlutterFlow hukuruhusu kupakua msimbo wa programu yako, ulioandikwa kwa Flutter (zana ya Google ya kutengeneza programu), ilhali Bubble hukupa data yako lakini programu yenyewe haitoki nje ya jukwaa. Kabla hujaingiza kitabu cha kwanza, tafuta mahali pa kuhamisha data, bonyeza, uone ni faili gani linatoka.