Theluji ya Milimani Haiporomoshwi na Kelele

Hapa Tanga nimewasikia vijana wanaojiandaa kwenda masomoni Ulaya wakiambizana kwamba theluji ya milimani huporomoshwa na kelele, na kwamba jua la majira ya machipuko huifanya kuwa salama. Yote mawili si kweli. Atazamaye barafu ya wavuvi pale soko la samaki la Deep Sea huona vipande vilivyoshikamana alfajiri vikianza kuteleza mchana, maji yanapopenya katikati yake. Ndivyo theluji inavyolegea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa baada ya usiku wa mawingu, ambao huzuia joto kutoka na theluji kuganda upya. Ndiyo maana wapandaji wa Alps, milima mirefu ya Ulaya, huondoka kabla ya mapambazuko na kushuka kabla ya adhuhuri. Sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Uzito wake unayo, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayelibomoa tabaka linalomfukia.