Clytemnestra: malkia wa kisasi na hila katika tanzia ya Kigiriki

Clytemnestra ni malkia wa Argos katika tanzia za Ugiriki ya kale, mke wa mfalme Agamemnon na ndiye aliyemuua. Jina lake limebaki na maana mbili: mwanamke mlipiza kisasi, na mwanamke anayejua kumpeleka mtu kwa maneno mpaka ajiingize mtegoni kwa miguu yake. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Mimi naona ya pili ndiyo inayomtisha mtu zaidi.

Anajulikana hasa kupitia tamthilia ya mwandishi wa Kigiriki Aeschylus, Agamemnon, iliyochezwa Athens mwaka 458 KK. (Aliyemwigiza alikuwa mwanamume mwenye barakoa, wanawake hawakupanda jukwaani.) Kinyongo chake kina chanzo. Meli za Wagiriki zilipokwama bandarini Aulis kwa sababu ya upepo, Agamemnon alimtoa kafara binti yao, Iphigenia, ili safari ya vita vya Troy iendelee. Mama akaliweka hilo moyoni miaka kumi, huku akitawala, na huku akiwa na hawara, Aegisthus, binamu ya mumewe, ambaye naye alikuwa na deni lake la damu na ukoo ule.

Troy inaanguka, mume anarudi. Clytemnestra anampokea hadharani: amelia, anasema, mpaka machozi yamemkauka. Kisha anaamuru vijakazi watandike vitambaa vya zambarau yenye wekundu kutoka kwenye gari la farasi hadi mlangoni. Agamemnon anagoma. Heshima hiyo ni ya miungu, yeye ni binadamu tu. Mkewe hapandishi sauti. Anamuuliza: je, Priam, mfalme wa Troy, kama angeshinda yeye, angefanyaje? Angekanyaga, Agamemnon anakiri. Basi hapo kamba imeshamfika shingoni. Baada ya mistari michache tu, mtu aliyeteketeza mji mzima anasalimu amri, ila anaomba avuliwe viatu kwanza, kana kwamba miguu mitupu inapunguza kosa.

Anapokanyaga, malkia anasema: bahari ipo, nani ataikausha? Kwa juu ni majivuno ya mali, maana rangi ile ya thamani ilitokana na konokono wa baharini. Lakini ni rangi ya damu, na watazamaji walikijua kisa.

Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Husikika ukelele tu kutoka ndani. Agamemnon alikuwa bafuni, akanaswa kwa joho kama samaki wavuni, akapigwa mara tatu. Cassandra, mateka aliyeletwa kutoka Troy, naye anauawa. Miaka baadaye Orestes, mwana wa Agamemnon na Clytemnestra, atamuua mama yake, na tamthilia mbili zinazofuata zinabeba kesi hiyo.

Ila nisichokisahau ni Clytemnestra akiwa amesimama juu ya maiti zile mbili. Hakani, halii. Anawaambia wazee wa mji kwamba yale aliyoyasema mwanzo yalikuwa ya wakati ule, na sasa haoni haya kusema kinyume chake.