Je, wajua kwa nini springi ngumu huipunguzia klachi ya skuta nguvu ya kushika?

Skuta ya mkanda haina mkono wa klachi kwenye usukani wala gia za kuchagua kwa mguu, ndiyo maana wengi huamini kwamba haina klachi kabisa. Inayo. Imejificha nyuma ya kifuniko kirefu cha ubavuni, kwa kawaida upande wa kushoto, inajishikia na kujiachia yenyewe bila kumwuliza dereva. Kutojua hilo hakumdhuru mtu. Kinachogharimu fedha, na wakati mwingine vidole, ni hatua inayofuata: mtu akishagundua kwamba klachi ipo, huichukulia kama klachi ya pikipiki, na ikianza kuteleza anaagiza springi ngumu zaidi.

Ushauri huo haukuzuka hewani. Kwenye pikipiki ya gia, klachi ni sahani nyingi zilizobanwa pamoja kwa springi, na mkono wa usukani kazi yake ni kuulegeza mbano huo. Hata skuta za Vespa za mwanzo, za 1946, zilikuwa na mkono wa klachi na springi za kubana. Kwa mashine hizo springi ngumu huongeza mbano, na mbano ukiongezeka sahani hazitelezi ovyo. Fundi aliyelelewa kwenye klachi hizo anasema kweli tupu, ila anaisemea mashine nyingine. Kwenye skuta ya mkanda springi haziisaidii klachi kushika. Zipo ili kuizuia isishike.

Ukifungua kifuniko utaona puli mbili zilizounganishwa na mkanda mpana wa mpira. Ya mbele imekaa kwenye kranki shafti (mhimili mkuu wa injini), ya nyuma imebeba klachi. Mfumo wa puli zinazotanuka na kubana ulijulikana sana kupitia gari la DAF 600 la 1958, lakini klachi inayoshika kwa mzunguko haihitaji mkanda: pikipiki ya Honda Super Cub, iliyotoka mwaka huohuo, iliitumia pamoja na gia za mguu. Tuyaache hayo, maana kinachotuhusu ni vipande vichache vya puli ya nyuma. Kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na puli. Juu yake kuna shuu, mara nyingi tatu, kila moja ikiwa na egemeo upande mmoja na lainingi ya msuguano mgongoni. Springi fupi zimeunganisha shuu hizo na kuzivuta kuelekea katikati. Nje ya vyote kuna dramu ya chuma isiyogusa kitu.

Shika jambo moja hapa, litahitajika tena tukifika kwenye spana: shuu huzunguka na injini, dramu huzunguka na gurudumu la nyuma. Skuta ikiwa imesimama na injini iko silensa, yaani inanguruma polepole bila resi, shuu zinazunguka ndani ya dramu iliyotulia.

Sasa chukua jiwe, lifunge kwenye ukanda wa mpira wa manati, ulizungushe juu ya kichwa. Ukizungusha polepole mpira hauvutiki sana na jiwe linabaki karibu na mkono. Ukiongeza kasi mpira unarefuka na jiwe linakwenda mbali. Weka ukuta wa duara kulizunguka: itafika kasi ambayo jiwe linaugusa ukuta, na kuanzia hapo kila kasi unayoongeza inalikandamiza jiwe ukutani. Jiwe ni shuu, mpira ni springi, ukuta ni dramu. Ukibadilisha mpira ukaweka mgumu zaidi, je, jiwe litaukandamiza ukuta zaidi au kidogo? Kidogo, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya kutupwa nje inamezwa na mpira kabla ya kuufikia ukuta.

Utamu wa jambo uko kwenye hesabu. Nguvu inayoitupa shuu nje haikui sawasawa na mzunguko. Hukua kwa mraba wake. Mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tuchukue skuta ya mfano ambayo shuu zake huanza kugusa dramu injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika. (Klachi yenyewe huzunguka polepole kuliko injini kwa sababu ya puli, lakini wakati wa kuondoka uwiano wao haubadiliki, kwa hiyo hesabu inasimama.) Hapo nguvu ya kutupwa nje imelingana kabisa na mvuto wa springi. Iite 100. Silensa ikiwa 1,700, nguvu ni kama 32 tu, springi zinashinda bila jasho na skuta inatulia. Kwenye 4,000 nguvu ni 178. Springi zinameza 100, zinabaki 78 za kukandamiza dramu. Kwenye 5,000 ni 278, zinabaki 178.

Weka springi ngumu kwa robo zaidi. Sasa zinameza 125. Shuu hazigusi dramu mpaka injini ifike takriban 3,350. Kwenye 4,000 mkandamizo unashuka kutoka 78 hadi 53, yaani karibu theluthi nzima imepotea. Kwenye 5,000 unashuka kutoka 178 hadi 153. Kwenye 7,000 tofauti ni kama asilimia 6. Springi ngumu basi imekupa klachi inayochelewa kushika, na pale inaposhika, inashika kwa unyonge zaidi hasa kwenye mizunguko ambayo mwendeshaji wa kawaida huondokea. Kama tatizo lilikuwa kuteleza, umelilipia ili liongezeke.

Kwa nini basi springi hizo zinauzwa, tena kwa rangi za kuvutia na namba za mizunguko kama 1000, 1500 na 2000? Kwa sababu zina kazi yake. Injini ndogo iliyotengenezwa kwa mbio, hasa ya mipigo miwili, haina nguvu mpaka ifike mizunguko ya juu. Ikibebeshwa uzito mapema inazama. Springi ngumu huiacha ipae kwanza, ndipo ikabidhiwe gurudumu. Huko ni kupanga wakati wa kushika. Hata namba za kwenye pakiti zipokee kwa tahadhari, kwani springi ileile ikivuta shuu nyepesi itaachia juu zaidi kuliko ikivuta shuu nzito. Na usizichanganye na springi moja kubwa iliyoizunguka puli ya nyuma: hiyo inabana mkanda, na ni habari nyingine kabisa.

Ukishaelewa kwamba springi ni mpinzani wa klachi, dalili nyingi zinajieleza. Skuta inayotaka kutambaa yenyewe ikiwa silensa inaweza kuwa na springi iliyochoka au kukatika, lakini pima silensa kwanza. Ikiwa imepandishwa mno, klachi inatii tu. Gurudumu kuzunguka taratibu skuta ikiwa kwenye stendi ya katikati si lazima liwe kosa, maana msuguano mdogo wa beringi unatosha kulizungusha. Likisimama kwa kugusa breki kidogo, liache. Skuta inayochelewa kuondoka kuliko zamani huenda lainingi zake zimelika: shuu inasafiri mbali zaidi kabla ya kugusa, springi inarefuka zaidi, na inadai mizunguko mingi zaidi. Injini inayopaa katikati ya safari bila mwendo kuongezeka ni kesi ngumu kidogo, kwa kuwa mkanda uliolika huleta dalili ileile. Mkanda ndio wa kukagua kwanza, maana kuupima upana kwa kalipa ni rahisi kuliko kufungua klachi.

Na ule mtetemo wa kuondokea, skuta inapotetemeka kama inayokataa kisha ikanyooka? Mara nyingi lainingi hazijaisha. Zimeng'aa. Dereva anayeishikilia skuta mlimani kwa resi badala ya breki anazitelezesha shuu muda wote, joto linapanda, gundi iliyo ndani ya lainingi inatoka juu na kukauka kama kioo. Dramu nayo hutoa ushahidi. Chuma huanza rangi ya majani makavu kikifika kama nyuzi 220 za Selsiasi na kuwa buluu karibu na 300, kwa hiyo duara la buluu kwenye dramu ni rekodi ya joto ambayo hakuna anayeweza kuikana. Joto pia huitanua dramu. Yenye kipenyo cha milimita 125 ikipashwa nyuzi 200 zaidi hupanuka kama milimita 0.3, yaani ukuta unazikimbia shuu wakati zinapouhitaji.

Tufike kwenye vifaa. Kwa kusafisha tu unahitaji seti ya soketi, bisibisi ya nyota isiyochakaa, msasa wa namba 80 hadi 120, dawa ya kusafishia breki, barakoa, kalipa, na kitu cha kuizuia dramu isizunguke. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka. Nati ya dramu, ambayo kwenye injini nyingi za GY6 (aina ya injini ya skuta) za cc 125 na 150 ni ya milimita 19, imefungwa kwa nguvu, na ukiizungusha bila kuishika dramu, inazunguka nayo. Kifaa chake ni mkono wenye pini mbili zinazoingia kwenye matundu ya dramu. Spana ya mkanda nayo hufaa. Kwa kuwa dramu imeungana na gurudumu, mwenzako akikaba breki ya nyuma mara nyingi inatosha. Usichomeke bisibisi kwenye mapezi ya feni ya puli ya mbele. Hayo mapezi hayakuumbwa kwa mzigo huo, tena upande ule ni wa injini, hauizuii dramu.

Mashine ya kugongea nati huifungua kwa sekunde bila kushika chochote, na ni halali kwa kufungulia. Kufunga ni kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha skuta yako.

Kifuniko kina skrubu za urefu tofauti. Toboa kadibodi kwa umbo la kifuniko na uchomeke kila moja mahali pake, la sivyo ile ndefu itaingia kwenye tundu fupi na kupasua kitu. Usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Ni mchanganyiko wa mpira na lainingi, na lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa dawa, futa kwa kitambaa. Ukitoa dramu tu, shuu ziko mbele yako, na kazi nyingi huishia hapo: paruza lainingi mpaka mng'ao uondoke, paruza ndani ya dramu kwa mistari inayokatana, safisha tena. Pima kipenyo cha ndani cha dramu. Kwa zile za milimita 125 kikomo cha kawaida ni 125.5. Ukiona mafuta au grisi kwenye lainingi, usifurahie kuifuta pekee, tafuta sili iliyoivujisha. Wapo wanaosawazisha ukingo wa mbele wa shuu au kukata mifereji kwenye lainingi ili kuua mtetemo. Mafundi hawakubaliani kuhusu hilo, na hata msasa wenyewe hauwezi kufufua lainingi iliyoungua hadi ndani. Mtetemo ukirudi upesi, ni shuu mpya.

Kubadilisha shuu au beringi za puli ndiko kunakodai tahadhari. Nati kubwa inayoishikilia klachi kwenye puli, ambayo kwa GY6 ni ya milimita 39, ni nyembamba sana, na soketi ya kawaida ina mdomo ulioinama unaoishika kwa ukingo tu kisha kuruka. Soketi ya pembe sita iliyosagwa mdomo ikawa bapa inashika vizuri. Nyuma ya nati hiyo kuna ile springi kubwa imekandamizwa. Ikiachiwa bila kubanwa inarusha klachi nzima usoni. Kibanio cha dukani ni bora. Kipande cha mbao na bolti mbili ndefu zenye nati hufanya kazi ileile, mradi uilegeze taratibu na kichwa chako kisiwe juu yake. Fungua nati kidogo klachi ikiwa bado kwenye skuta, halafu malizia kuitoa nati kwa kutumia kibanio.

Wakati wa kurudisha, mkanda ushushe ndani kabisa kati ya nyuso za puli ya nyuma kabla ya kufunga nati ya dramu. Ukibaki umebanwa juu, nati itaonekana imekaza kumbe kuna kitu hakijafika mahali pake. Na kabla dramu haijarudi, injini isiwashwe hata kidogo kwa ajili ya kutazama: bila ukuta wa kuzizuia, resi moja inazitupa shuu mpaka springi zinyooke zisirudi tena.