Mpaka wa Shule Huchorwa na Nani? Ubaguzi katika Tamthilia ya Friday Night Lights

Wengi walioitazama Friday Night Lights, iliyorushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kati ya 2006 na 2011, huikumbuka kwa mechi za Ijumaa usiku za futiboli ya Kimarekani ya shule za sekondari. Mimi, mwalimu wa sera za elimu, naithamini kwa ramani yake.

Katika msimu wa kwanza, kocha msaidizi Mac McGill, Mzungu, anamweleza mwandishi wa habari kwamba wachezaji weusi wameumbiwa kukimbia na mpira. Kuongoza timu ni kazi ya wengine. Smash Williams na wenzake weusi wanasusia mazoezi. Ubaguzi huo una mdomo: mtu katamka, watu wamesikia, anaweza kubanwa aombe radhi.

Ule wa msimu wa nne hauna mdomo. Mji wa kubuni wa Dillon, Texas, unagawanywa katika maeneo mawili ya shule, na shule ya East Dillon inafunguliwa upya upande wenye weusi na maskini wengi. Wafadhili wa timu wametia mkono kwenye ramani ili wachezaji bora wabaki katika shule ya awali, upande wa magharibi. Hakuna aliyetaja rangi. Lakini utazame uwanja wa East ulivyochakaa! Mechi ya kwanza, kocha wa East, Taylor, anaikatisha wakati wa mapumziko. Vijana wake wameumia mno.

Je, hiyo ni chumvi ya watunzi? Katika Texas yenyewe, mwaka wa masomo 1967–68, wilaya ya shule ya Edgewood, San Antonio (wilaya ya shule ni eneo linaloendesha shule zake, kwa sehemu kwa kodi ya majengo ya hapo), ambako wanafunzi wengi mno walikuwa wenye asili ya Meksiko, ilikuwa na dola 356 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, eneo la Wazungu wenye uwezo katika jiji hilohilo, ilikuwa na dola 594. Na wazazi wa Edgewood hawakuwa wakwepaji kodi: kiwango chao cha kodi ya majengo kilikuwa cha juu kuliko cha wenzao. Ila nyumba zao zilikuwa za thamani ndogo, hivyo kodi hiyo ilileta dola 26 tu kwa mwanafunzi, wakati ya Alamo Heights ilileta 333. Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake walishtaki. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwakatalia.

Kesi hiyo ililinganisha wilaya mbili, Dillon ni mji mmoja; lakini katika kesi na katika tamthilia, anwani ya nyumba ndiyo inayompangia mtoto shule yake.

Nina lawama moja. Kamera inakaa uwanjani kuliko darasani, na wokovu wa East unaletwa na kocha Mzungu. Hata hivyo, watunzi hawakudanganya mwishoni. Vince Howard, kijana mweusi, anacheza kwotabeki, nafasi ileile ya kuongoza timu, na kuipa East ubingwa wa jimbo. Lakini bajeti imeshabana hata kabla ya fainali. Timu moja lazima ifutwe, na inayofutwa ni ya mabingwa.