Kope Nzito? Zitazame Nyusi Kwanza

Hapa Malindi, anayenijia akilalamika macho mazito huwa keshajipangia tiba: "Daktari, nipunguzie hii ngozi ya kope." Mimi humwambia afumbe macho, alegeze paji la uso, kisha afumbue taratibu. Halafu nazisukuma nyusi kwa kidole hadi usawa wa ukingo wa mfupa wa juu ya jicho, na kwa mwanamke juu yake kidogo. Jicho likiwa wazi, basi kilichoshuka ni nyusi.

Ukikata kope za mtu wa namna hiyo, umemharibia. Msuli wa paji ulikuwa unazibeba nyusi kutwa ili aone. Ukimpunguzia ngozi, msuli unapumzika na nyusi zinazidi kuanguka. Ukija kuziinua baadaye, ngozi haitoshi tena na jicho linaweza kushindwa kufumba.

Njia ya zamani ya kuinua nyusi ni kupasua kutoka sikio hadi sikio, ndani ya nywele. Daktari anaona kila kitu, ila utosi unabaki na ganzi na nywele zinarudi nyuma. Mwenye paji refu simfanyii hivyo. Tangu miaka ya 1990 tunatumia kamera nyembamba, kupitia matundu matatu hadi matano ya sentimita 1 hadi 2. Watu hudhani kazi ni kuvuta. Kazi yenyewe ni kuubandua utando wa mfupa pale ukingoni juu ya jicho. Usipoachia hapo, utavuta bure. Kisha tunashikiza kwa nyuzi au skrubu. Hofu yangu kubwa iko kwenye panja: neva inayouinua unyusi inapita hapo, karibu na ngozi. Ikikatika, upande ule hauinuki tena.

Mzee mwenye upara, au aliyepooza upande mmoja wa uso, namkata juu tu ya nyusi. Zinakaa pale unapotaka, lakini kovu litaonekana. Huko usoni makovu ya kuvimba ni nadra kuliko masikioni, hata hivyo naangalia matundu ya hereni, nione kama ngozi yake huota makovu hayo. Bibi zetu waliovaa majasi, yale mapambo makubwa ya masikio, wana mengi ya kunionesha.

Kope moja ikishuka ghafla, na kichwa kinauma au mboni imepanuka, usinisubiri mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda mshipa wa damu umevimba ubongoni.