Kwa Nini Dawa ya Kiungulia Humezwa Kabla ya Uji wa Asubuhi?

Je, wajua kwa nini muuguzi husisitiza kwamba omeprazoli, dawa ya kiungulia, imezwe nusu saa kabla ya kifungua kinywa, hata kama kiungulia chenyewe humshika mgonjwa usiku? Katika wodi nyingi za Uganda, ndugu wa mgonjwa ndiye anayepika, anayelisha na mara nyingi anayetunza mfuko wa dawa, kwa hiyo jibu la swali hili linamhusu yeye sawasawa na muuguzi.

Kiungulia hutokea pale asidi ya tumboni inapopanda kwenye umio kwa sababu msuli unaoufunga mlango wa tumbo umelegea. Asidi hiyo hutolewa na seli za ukuta wa tumbo kupitia pampu ndogo mno, ambazo nyingi hulala tumbo likiwa tupu na kuamka chakula kinapoingia. Omeprazoli haiwezi kuigusa pampu iliyolala, na hapo ndipo ilipo siri yote ya saa ya kumeza.

Punje zilizo ndani ya kapsuli zimepakwa utando unaozikinga dhidi ya asidi, ili dawa ipite tumboni salama, ifike kwenye utumbo mwembamba, iingie katika damu, kisha irudi kwenye seli za tumbo kwa njia ya damu. Humo asidi yenyewe huibadilisha dawa ikashikamana na pampu inayofanya kazi, na pampu hiyo haitoi asidi tena. Lakini nusu ya dawa huondoka katika damu kwa muda wa saa 1 hivi, kwa hiyo ni lazima iwe imeshafika pampu zinapoamka, nazo huamka kwa wingi kwa mlo wa kwanza baada ya usiku wa kutokula, uwe uji wa mahindi au katogo. Kwa kuwa si pampu zote huamka mara moja, na mwili huendelea kuunda nyingine mpya, nguvu kamili ya dawa huonekana baada ya siku 3 hadi 5. Kumeza kapsuli moja kwa sababu kifua kinawaka sasa hivi hakusaidii sana, na inasikitisha kuona mgonjwa akiiacha siku ya pili akidhani imeshindwa.

Mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani asisagiwe punje hizo, kwani utando ukivunjika asidi huiharibu dawa kabla haijafika inakokwenda.

Kwa maumivu ya papo hapo kuna vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, ambavyo huzimua asidi kwa dakika chache na nguvu yake huisha mapema. Vidonge hivi huonekana vya kawaida kiasi kwamba wengi hawavitaji wanapoulizwa dawa wanazotumia, ilhali hufungamana tumboni na dawa nyingine na kuzizuia zisiingie katika damu, zikiwemo antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na pia dolutegraviri, ambayo Waganda wengi wanaoishi na VVU huimeza kila siku. Dolutegraviri imezwe muda wa saa 2 kabla ya vidonge hivyo, au muda wa saa 6 baada yake. Omeprazoli haina ugomvi na dolutegraviri, ila huidhoofisha sana atazanaviri, dawa nyingine ya VVU.

Usiku, inua kichwa cha kitanda kwa matofali ya sentimita 15 hadi 20. Mito peke yake hulikunja tumbo na kulibana. Chakula cha jioni kiliwe muda wa saa 3 kabla ya kulala.

Wengi wetu huita kila maumivu ya chembe cha moyo alsa, yaani vidonda vya tumbo, na kuendelea kununua kapsuli dukani. Mgonjwa anayetapika damu, anayekwamwa na chakula kooni, anayekonda bila sababu au anayepata choo cheusi kama lami apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma pia hukifanya choo kiwe cheusi, ndiyo maana muuguzi atauliza kwanza kama mgonjwa anavitumia.